Mtaa Uliofua Siku ya Jumapili

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, mikono ya Teunie Slob tayari imekuwa myekundu. Amesimama nyuma ya nyumba yake, chini ya tuta linalozuia mto, vibanio viwili vimeng'atwa kati ya meno, shuka lililolowa limemlalia begani kama mtoto aliyesinzia. Analirusha. Kabla halijagusa majani limeshadakwa na kamba, pindo zote zimenyooka.

"Shuka halining'inizwi ovyo," anasema akishatoa vibanio mdomoni. "Linasimamishwa. Bibi yangu alikuwa akipita hapa anatupa jicho moja tu. Ukianika kizembe, unarudi kwenye beseni."

Kote kijijini Zuidkolk kamba zinajaa. Jumatatu ndiyo siku ya kufua. Hata wenye mashine za kukaushia hutoa nje japo taulo mbili, jirani asije akapata la kusema. Jumanne ni ya pasi. Jumapili kamba hukaa tupu, na wengine huzikunja kabisa Jumamosi jioni. Hakuna kibao kinachokataza, na hakuna aliyewahi kuhitaji kibao.

Ndiyo maana wiki hii watu wananong'ona kwa muuza jibini na kwenye foleni ya mkate. Teunie, mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye hakukosa ibada ila alipokuwa amejifungua, ametangaza kwamba Jumapili inayokuja ataanika.

Kwa jicho la mgeni hilo ni shuka tu. Kwa Teunie ni mkate wake na kiti chake kanisani.

Kazi yake ni kufua. Hufua mashuka ya nyumba ya wazee iliyo chini ya kanisa, ya nyumba chache za wageni wa kiangazi, na ya wagonjwa wasiojiweza. Shuka moja likifuliwa, likapigwa pasi na kukunjwa, analipwa euro mbili na senti hamsini. Zaidi ya nusu ya kipato chake hutoka nyumba ya wazee. Mgongo unamuuma, vidole vimeanza kupinda, na mumewe, aliyekuwa fundi wa mashua, amemwacha mjane mwaka wa nne sasa.

Kisha ipo kazi moja ambayo hailipwi. Mara nne kwa mwaka, waumini wanaposhiriki Meza ya Bwana, Teunie ndiye anayefua kitambaa kirefu cheupe kinachotandikwa juu ya meza hiyo. Alirithi kazi hiyo kwa bibi yake, Aagje Slob. Na hapo ndipo simulizi hii inapochoma.

Aagje alifua kitambaa hicho kwa zaidi ya miaka arobaini bila kuruhusiwa kukaa mezani. Mikono yake ilifaa kukitakasa kitambaa. Kinywa chake hakikufaa kula juu yake. Alitengwa na kanisa wakati wa vita, akafa akiwa ametengwa. Kosa lake lilikuwa kuanika nguo siku ya Jumapili.

"Watu wa nje wakisikia wanacheka," anasema Teunie. "Mimi siwalaumu. Lakini hapa kwetu, enzi zile, bora ungeonekana umelewa."

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa tatu wa uvamizi wa Wajerumani. Wayahudi wa Amsterdam walikuwa wakikusanywa na kupakiwa kwenye treni za kwenda mashariki. Katika nyumba ya jirani, ng'ambo ya mfereji, waliishi Bastiaan Kooiman na mkewe Neeltje, watu wazima wasio na mtoto. Darini kwao walimficha mwanamke mmoja kijana, Lena Kokernoot, mke wa mshona kofia, pamoja na mwanawe mchanga, Simon. Mshona kofia alikuwa amekamatwa majira ya baridi. Hakurudi.

Mtoto Simon alijifunza kunyamaza kabla hajajifunza kukaa.

Aagje hakuwa rafiki wa nyumba ile. Alikuwa na ugomvi nao wa miaka, na ugomvi wenyewe ulihusu mti wa cheri. Mti ulikuwa wa Kooiman. Ndege walikula cheri kwa Kooiman, kisha wakaja kumaliza haja zao kwenye mashuka ya Slob. Aagje aliomba matawi yakatwe. Bastiaan alijibu kwamba ndege hawamsikilizi. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata mlangoni mwa kanisa, hata kwenye maziko.

Mti bado upo. Mwezi wa Juni Teunie huanika upande wa pili wa nyumba.

Jumapili ile Bastiaan na Neeltje walikwenda ibada ya asubuhi kama kawaida. Walikuwa wamemfundisha Lena kila kitu: ubao gani wa darini unalia ukikanyagwa, wakati gani asivute maji, akae mbali kiasi gani na dirisha. Jambo moja hawakumfundisha, kwa sababu halikuwapitia kichwani kwamba kuna binadamu asiyelijua.

Lena alikuwa mwanamke wa mjini na wa imani nyingine. Siku yake takatifu ilikuwa Jumamosi, na alikuwa ameitunza palepale darini, kimyakimya, bila mshumaa. Jumapili kwake ilikuwa siku ya kuanza kazi. Akatazama kupitia ufa wa dirisha, akaona mtaa hauna hata mtu mmoja. Wote wako kanisani. Upepo ni mzuri. Nepi za mtoto, ambazo kwa wiki nzima zilikauka vibaya kwenye kigiza cha dari na kumchubua mapaja, sasa zingepata jua. Aliona hiyo ndiyo saa ya usalama kuliko saa zote.

Akashuka, akafua, akaanika nepi nyuma ya nyumba ya wazee wasio na mtoto, siku ya Jumapili. Akarudi juu akiwa na furaha.

Mwanawe Simon, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja na aliendesha tramu Amsterdam hadi alipostaafu, amesikia sehemu hii maishani mwake mara nyingi kuliko hadithi yoyote. "Mama alikuwa akifika hapo anajipiga paji la uso," anasema. "Alijiona mwerevu, masikini. Akasikia kengele, watu wakaanza kurudi juu ya tuta wamevaa nguo nyeusi. Wa kwanza akasimama. Wa pili akasimama. Wote wanatazama nepi. Ndipo akajua kuna jambo hakuambiwa."

Kushuka kuzianua asingeweza. Macho yalikuwa mengi. Na katika Zuidkolk palikuwa na polisi mmoja, mzaliwa wa hapohapo, aliyejiunga na chama kilichowatumikia wavamizi. Kila Jumapili baada ya ibada alipita juu ya tuta kwa baiskeli. Askari wa Kijerumani angeziona nepi na kupita zake. Kwao nguo ni nguo. Mtoto wa kijiji hiki asingehitaji kuuliza mara mbili. Kamba moja iliyojaa siku ya Jumapili ilikuwa inapiga kelele kwamba ndani ya nyumba ile yupo mtu asiye wa hapa.

Aagje naye aliziona. Mumewe alikuwa amechukuliwa kufanyishwa kazi Ujerumani, alikuwa na watoto watatu, na wa mwisho, Krijn, ambaye ndiye baba yake Teunie, alikuwa bado anavaa nepi. Hakumwambia mtu neno. Aliingia ndani na gauni lake jeusi la kanisani, akafungua kabati, akatoa mashuka safi yaliyopigwa pasi, akayazamisha kwenye pipa la maji ya mvua, akatoka nayo yakimchuruzika.

"Baba alikuwa mdogo mno kukumbuka," anasema Teunie, "lakini dada yake mkubwa alikumbuka. Alilia. Alidhani mama yake amepatwa na wazimu."

Kule darini Lena alidhani vibaya zaidi. Alimjua Aagje kama yule jirani asiyesalimia. Akadhani anawafanyia kejeli, au anamwonyesha polisi nyumba ya kuingia. Kisha akaona nyumba ya pili, mlango unafunguka, mama mnene anatoka na kikapu, uso umemwiva kwa aibu. Kisha ng'ambo. Kisha kule karibu na daraja. Wanawake ambao wasingeshona hata kifungo siku ya Bwana walikuwa wakianika mashuka, mito, suruali za ndani za waume zao, mchana kweupe, bila kutazamana.

"Mama alisema mtaa uligeuka mweupe," Simon anakumbuka, "kama umeangukiwa na theluji mwezi wa Mei."

Polisi alipofika alishuka kwenye baiskeli. Mazungumzo yaliyofuata yanajulikana Zuidkolk neno kwa neno, ingawa husimuliwa kwa sauti ya chini.

Alimuuliza Aagje kuna nini. Aagje akamjibu kwamba watoto wa mtaa wameshikwa na upele, wa ule unaohama haraka, na daktari amesema kila kitambaa kifuliwe leo hii. Akamkaribisha ndani aone mwenyewe. Polisi akarudi hatua nyuma.

"Na zile nepi kwa Kooiman?"

"Za Krijn wangu. Kamba yangu imejaa, huoni?"

"Tangu lini wewe na Kooiman mnasemeshana?"

"Tangu upele."

Polisi alipanda baiskeli yake akaenda zake, na wanaosimulia huongeza kwamba alianza kujikuna kabla hajafika darajani.

Kijiji kingeweza kuishia hapo na kucheka mpaka leo. Lakini lilibaki baraza la wazee wa kanisa. Siku ya Bwana ilikuwa imevunjwa na mtaa mzima, na ilibidi mtu ajibu. Wanawake waliitwa mmojammoja. Walisema walimfuata Aagje, wakasema wamekosa, wakasamehewa. Hawakuwa waoga, walikuwa na nyumba za kurudi.

Aagje alipoulizwa kama upele ulikuwa wa kweli, alinyamaza. Alikuwa amemdanganya polisi bila kupepesa jicho, lakini kuwadanganya wazee wa kanisa hakuweza. Na ukweli hakuweza kuutoa pia, maana mmoja wao alikuwa na mdomo mwepesi, na dari ya Kooiman bado ilikuwa na watu. Akatengwa na Meza ya Bwana hadi atakapotubu.

Vita vilikwisha. Lena alishuka darini na mwanawe. Bastiaan na Neeltje walipewa nishani, na bamba la shaba likatundikwa ukutani mwa nyumba yao. Neeltje mwenyewe alivuka mfereji, akaenda kwa wazee, akaeleza yote. Wazee walifurahi, wakapeleka ujumbe: sasa Aagje aje tu aseme neno moja, "nimekosa", na mambo yataisha.

Hakwenda.

Teunie alikuwa msichana alipomuuliza sababu. Walikuwa wakinyoosha shuka, kila mmoja ameshika ncha mbili, wakivuta na kusogeleana kama wanaocheza. Jibu la bibi yake analitoa bila kusitasita: "Niliivunja siku ya Bwana, na ningeivunja tena. Sasa mtu anatubu vipi jambo ambalo angelirudia? Wanataka nimdanganye Mungu ili wao walale vizuri."

Aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili, kwenye benchi la mwisho. Siku za Meza ya Bwana wengine waliposogea mbele yeye alibaki ameketi, akikitazama kitambaa alichokifua kwa mikono yake. Watoto wa shule walimwita Aagje wa Jumapili. Jina hilo lilimpata mwanawe, likampata Teunie pia. "Nilipigana kwa ajili yake," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Niling'oa jino la mtoto wa muuza mkate. La utotoni, lingetoka tu."

Anayoyakumbuka zaidi si machungu. Anakumbuka harufu ya sabuni ya kipande iliyokwanguliwa kwa kisu, mashuka yaliyotandazwa majanini yazidi weupe kwa jua, buluu kidogo kwenye maji ya mwisho. Anakumbuka kulala kwa bibi yake ndani ya shuka lililokauka kwa upepo, gumu kidogo, lenye harufu ya mto. Anakumbuka pia ubao ambao Bastiaan aliuweka juu ya mfereji vita vilipokwisha, na Neeltje akiuvuka kila Jumatatu kuja kusaidia kukamua. Waliongea kazi nzima. Kuhusu mti wa cheri hawakukubaliana kamwe.

Aagje alifariki akiwa na miaka sabini na tisa. Jina lake halimo kwenye bamba lolote.

Kilichoamsha mambo ni miguu ya Simon. Kila mwezi wa Mei huja kwa treni, hunywa kahawa kwa Teunie, humtania Krijn, mzee mwenzake ambaye siku hizi haoni vizuri, kwa kumwita ndugu yangu wa nepi. Mwaka jana alishikwa mikono miwili kushuka treni. Kabla ya kuondoka alisema angependa, mara moja tu, kukiona kile mama yake alichokiona kwenye ule ufa wa dirisha.

Teunie alilipeleka ombi hilo kwa baraza la wazee wa kanisa: Jumapili moja, baada ya ibada ya asubuhi, mtaa uanike mashuka meupe kumkumbuka Aagje. Kikao kilikuwa cha wazi na watu walijaa.

Baraza lilikataa kwa upole. Likapendekeza Jumatatu, hata mchungaji angekuja kuomba. "Jumatatu kila mtu anaanika," Teunie akawaambia. "Mtu aje kutoka Amsterdam kuona Jumatatu?"

Mgumu kuliko wote alikuwa Govert Kooiman, mwenye miaka sabini na mbili, mtoto wa mdogo wake Bastiaan, ambaye ndiye aliyerithi nyumba, dari, bamba la shaba na mti wa cheri. Si mtu mbaya. Mafuriko yakija yeye ndiye wa kwanza kubeba mifuko ya mchanga. Alisema siku ya Bwana imetunzwa hapa kwenye njaa na kwenye maji, na haitavunjwa kwa ajili ya kumbukumbu. "Baba mkubwa Bastiaan aliwaficha watu, na Jumapili akaitunza," alisema. "Yote mawili yanawezekana."

"Aliitunza, Govert," Teunie akajibu, "kwa sababu bibi yangu aliivunja."

Govert alitazama viatu vyake. Lakini kura ilipigwa, na uamuzi ukabaki. Teunie akaambiwa kwamba akianika, kitambaa cha meza kitapewa mikono mingine, na nyumba ya wazee nayo huenda ikatafuta mfuaji mwingine.

Tangu jioni hiyo anakutana na watu wanaomsalimia haraka kuliko kawaida. Wengine humbana mkono sokoni na kumwambia wako naye moyoni. "Moyoni nguo hazikauki," anawajibu.

Anachoogopa hakifichi. Kazi akiipoteza, atasafisha vyumba vya wageni; mikono anayo. Anaogopa kamba moja. "Bibi alitoka ili kamba ya watu isiwe peke yake," anasema. "Mimi nikitoka nikabaki peke yangu, Simon ataona nini pale dirishani? Ataona wanachotazama wote, nyumba moja. Hicho ndicho mama yake alichokiogopa."

Na lipo la pili: dari ni ya Govert. Bila ruhusa yake hakuna dirisha.

Jumamosi alasiri Teunie amepiga magoti mbele ya beseni, analoweka mashuka ya bibi yake, yale ya kitani yenye herufi za jina zilizotariziwa pembeni. Ubao wa mfereji unalia. Govert Kooiman anavuka, kofia mkononi, anasimama kando ya kamba kama mtu aliyekuja kukopa chumvi.

Anaanza na hali ya hewa. Teunie anakubali kwamba hali ya hewa ipo. Govert anatazama mashuka, anatazama mti wake, halafu anasema jambo ambalo ni wazi amelibeba wiki nzima.

"Siku za Meza, mama mkubwa Neeltje hakwenda mbele. Unakumbuka? Alikuwa anakaa nyuma na bibi yako mpaka ibada inaisha."

"Nakumbuka."

"Mimi nilikuwa nakaa mbele. Nikidhani ni miguu inamsumbua."

Teunie hamsaidii. Anaendelea kuloweka mashuka.

"Kamba ninayo," Govert anasema mwishowe. "Vibanio sina. Mke wangu anatumia ile mashine."

"Unataka vingapi?"

"Vya kutosha nepi."

Teunie anajifuta mikono kwenye aproni, anaingia ndani, anarudi na kopo la bati. Ndani yake kuna vibanio vya mbao vya Aagje, vimekuwa vya kijivu, vilaini kama mifupa ya samaki. Anampa kopo zima, kisha anamwambia awaonye ndege wake, kesho wafunge.

"Hao siwawezi," anajibu Govert. "Si waumini."

Anavuka ubao kurudi kwake. Katikati anageuka, anasema ufa wa dirisha la darini amekwisha kuufuta vumbi, na kiti amekipandisha. Mzee wa Amsterdam asiharakishwe kwenye ngazi.

Kwa hiyo mpango ni huu. Simon atashuka treni ya asubuhi, wakati watu wako ibadani. Teunie atakuwa benchi la mwisho, kama Jumapili zote. Kengele ikilia atapita juu ya tuta na gauni lake jeusi, hatabadilisha nguo, ataingia ndani na kutoka na shuka la kwanza. Kamba mbili anazijua. Ya tatu na ya nne hazijui, na hataki kuuliza mlango kwa mlango, kwa sababu bibi yake hakuuliza.

Anainuka, anashika kiuno, anatazama juu ya tuta ambako mawingu yanakimbia kuelekea mashariki.

"Upepo wa magharibi," anasema. "Ukikaa hivi, zitakauka kabla ya ibada ya jioni."